Ngozi ya Mbuga

Kitongoji cha Ng'ambo,
Kinyangiri, Mkalama.
11 Agosti 2025

Kwa Mzee Njiku, Mgori.

Shikamoo Mzee.

Hunifahamu, na mimi sikufahamu. Baba yangu, Chediel, ndiye aliyenipa jina lako. Aliniambia barua nimpe kondakta wa basi la Singida, na ikifika Mgori iachwe kwenye mashine ya kukamua alizeti, maana hapo kila mtu anakujua. Alisema ulisimamia ujenzi wa barabara miaka mingi na sasa umestaafu. Nilimuuliza kwa nini tusikupigie simu. Akasema, "Wewe andika."

Mimi ni katibu wa kamati ya barabara ya kitongoji chetu. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko. Nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita, na mwenyekiti wetu, Mzee Filipo, alisema aliyetoka shule juzi bado hajasahau namna ya kuandika barua ya kazi. Kwa hiyo naandika.

Kati ya kitongoji chetu na senta ya Kinyangiri kuna mbuga ya udongo mweusi. Nimeipima kwa miguu, ni hatua mia mbili na themanini. Kiangazi ina nyufa ambazo mkono unaingia hadi kwenye kiwiko, lakini inapitika. Mvua zikianza, mwishoni mwa Novemba, inakuwa uji mpaka mwezi wa tano unapokaribia. Sisi wengine tunavua viatu tunapita, tope likiwa magotini. Baba hapiti. Miaka sita iliyopita alianguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga wa nyuki, na tangu hapo anatumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Kiangazi kila siku yuko senta, anatengeneza redio kwenye baraza la duka, na Jumapili anafundisha kwaya. Masika yakija anakaa ndani miezi mitano.

Mwaka juzi vijana wawili walimbeba mgongoni. Waliteleza, wakaanguka wote watatu. Tangu siku hiyo akiambiwa abebwe anajibu, "Mimi si gunia." Mwaka huu, ilipofika Februari, alikuwa ameacha kuimba na anakaa ameelekea ukutani. Mama alikuwa anamgeuza kiti kielekee mlangoni, na akirudi kutoka jikoni anakuta kimegeuzwa tena.

Kitongoji kimekubali kufanya kazi. Changarawe ipo mlimani, ni ya kuchimba tu. Tuna majembe, makoleo na mikokoteni mitatu ya ng'ombe. Hatuna anayejua. Tunaomba utufundishe kwa barua jinsi ya kupitisha njia ya changarawe juu ya mbuga kabla ya mvua. Si ya malori. Itoshe mkokoteni na baiskeli ya baba.

Asante kwa kusoma mpaka hapa.

A. Chediel,
Katibu.


Mgori,
19 Agosti 2025

Bwana Katibu,

Marahaba. Kwanza habari ya simu. Baba yako amekuelekeza vizuri. Masikio yangu yaliondoka na mashine ya kutoboa miamba. Mtu akinipigia nasema "ndiyo, ndiyo" tu, na kwa njia hiyo nimewahi kukubali kuwa mshenga wa kijana nisiyemjua. Barua siwezi kuiitikia kabla sijaielewa.

Barua yako ilifika siku ya tatu. Nimekaa nayo siku kadhaa. Mbuga hiyo naifahamu, niliwahi kufika huko zamani. Nilitaka kukujibu kwamba mimi ni mzee na mtafute mwingine. Lakini habari ya kiti kugeuzwa imenikalia.

Sikilizeni. Udongo mweusi huwezi kushindana nao. Ukiuwekea changarawe moja kwa moja, unaimeza yote na kungoja nyingine. Dawa yake ni mifuko. Kusanyeni mifuko mitupu ya salfeti, ile ya mahindi na alizeti, isiyotoboka. Kila kaya ishirini. Mtaijaza changarawe, si mpaka juu, muifunge mdomo, muilaze kama matofali, muishindilie. Changarawe iliyofungwa mfukoni haitawanyiki na tope haliingii kati yake. Juu yake ndipo mnaweka changarawe ya kawaida, unene wa shibiri moja, katikati pakiwa juu kuliko pembeni ili maji yasikae.

Kabla ya hayo andaeni njia. Pigeni vigingi mstari ulionyooka, upana hatua tatu. Mkimaliza kuandaa niandikieni.

Msalimie baba yako. Mwambie namshukuru kwa kunikumbuka, ingawa sijui amenikumbuka kwa lipi.

B. E. Njiku.


Kitongoji cha Ng'ambo,
2 Septemba 2025

Shikamoo Mzee Njiku.

Barua yako niliisoma kwenye mkutano. Sikuisoma vizuri, sauti yangu huwa inakwisha watu wakinitazama, lakini Mzee Filipo alirudia kila sentensi kwa nguvu kama mhubiri na mkalimani wake, kwa hiyo hata waliokuwa nje walisikia.

Mifuko imefika mia tisa na kumi. Wengine walileta ya mbolea, wengine walikuwa wameilalia, wakaitoa kitandani. Nakushukuru kwa niaba yao, maana kabla ya barua yako tulikuwa tunabishana tu.

Na njia tumeiandaa! Vigingi tumepiga vyote. Halafu watu sitini walishika majembe tukaanza kuondoa majani. Tumelima na kung'oa mizizi yote mpaka udongo mweusi ukabaki mtupu, tena tumeusawazisha. Tumefika hatua arobaini. Bibi yangu Kristina, mama yake baba, amesema pamekuwa pasafi mpaka angeweza kuanika uwele. Wiki ijayo tutamaliza zote mia mbili na themanini.

Baba huja na baiskeli yake kila jioni, anasimama ukingoni, anatazama. Juzi alipiga mluzi.

Aneth Chediel,
Katibu.

Tena samahani Mzee. Mimi si Bwana Katibu. Ni msichana. Niliogopa ukijua hutajibu.


Mgori,
6 Septemba 2025

Binti yangu Aneth,

Acheni majembe leo hii. Barua hii nimempa dereva wa pikipiki aifikishe kwako mkononi, usingoje mkutano, kimbia ukawaambie.

Kosa ni langu. Nimewaandikia wakulima neno "andaeni". Mkulima akiambiwa aandae anaandaa shamba. Mimi nilimaanisha mpime na kupiga vigingi, basi.

Mbuga ina ngozi. Ngozi yake ni hayo majani na mizizi mliyoing'oa. Juu ya ngozi hiyo mfuko unakaa kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba. Ukiitoa, umekata kamba. Hatua arobaini hizo hazifai tena mwaka huu, hata mkiweka mifuko elfu kumi. Ziacheni. Hamisheni vigingi, mwende pembeni hatua kumi penye majani yaliyosimama, muanze upya. Majani marefu yafyekeni, mizizi msiiguse, na kwato za ng'ombe zisipite hapo.

Najua watakasirika. Watasema wametoa jasho bure. Waambie namjua mtu aliyefanya hivyo hivyo, akaondoa ngozi yote ili papendeze, na sitaki kuwaambia yaliyompata.

Kuwa msichana si kitu cha kuniomba samahani.

B. E. Njiku.


Kitongoji cha Ng'ambo,
15 Septemba 2025

Shikamoo Mzee.

Nilikimbia. Niliwakuta wamefika hatua hamsini na tano.

Sikuwa na Mzee Filipo wa kurudia maneno yangu, alikuwa amekwenda Misigiri msibani. Nikapanda juu ya mkokoteni, nikashika barua mbele ya uso ili nisiwaone, nikaisoma kwa sauti yote niliyo nayo. Nilipomaliza mmoja akasema, "Kwa hiyo tumelima shamba la bure?" Mwingine akasema, "Huyo mzee wa Mgori anakuja kulala na njaa yetu?" Nikataka kushuka. Bibi Kristina ndiye aliyeniokoa. Alitupa jembe lake chini akasema, "Mtoto amesoma kilichoandikwa, nyinyi mnataka asome kisichoandikwa? Hamisheni vigingi, mimi jua linanipiga." Wakahamisha.

Sasa tunachimba changarawe na kujaza mifuko. Wanawake tunafunga midomo kwa kamba za katani. Kazi inakwenda kwa kuimba, na baba ndiye anayeimbisha. Amewekwa mlimani kwenye shimo la changarawe na baiskeli yake, anahesabu mifuko na kuanzisha nyimbo. Mama anasema hajamsikia akiimba hivyo tangu kabla ya kuanguka. Haya yote ni kwa sababu yako, nami sina kitu cha kukupa isipokuwa kukueleza.

Nikuchekeshe kidogo. Watu walipoelewa kwamba ngozi ikitoka njia inazama, wote walisema kwa pamoja, "Tungebensoni!" Hilo ni neno la hapa kwetu, nadhani Mgori hamna. Kitu kikizama au kikiharibika tunasema kimebensoni. Ugali ukiwa maji, mama anasema, "Leo nimebensoni." Mimi mtihani wa hisabati nilibensoni. Wazee wanasema palikuwa na mtu wa barabara anaitwa Benson, alijenga tuta kwenye mbuga hii hii kabla sijazaliwa. Lilipopata mvua tatu likazama, pamoja na tela la mabati ya kanisa lililokuwa juu yake, na tela lile lilikaa kwenye tope mpaka Juni, kuku wakawa wanatagia humo. Yeye akatoroka alfajiri. Watoto wadogo wanadhani Benson ni jina la tope lenyewe.

Baba peke yake halitumii neno hilo. Nilipolitamka mezani jana aliniambia, "Usimtaje mtu usiyemjua."

Sasa tuambie, maji tuyapitishe wapi? Hatuna kalavati.

Aneth.


Kitongoji cha Ng'ambo,
6 Oktoba 2025

Shikamoo Mzee Njiku.

Ni wiki tatu sasa. Nimemuuliza kondakta mara nne. Ameniapia kwamba barua yangu aliifikisha.

Tumelaza mifuko hatua mia na ishirini, kisha tumesimama, hatujui habari ya maji. Mzee Filipo anataka tuendelee tu. Mawingu yameanza kujionyesha upande wa mashariki, ingawa ni ya kudanganya.

Kama unaumwa, Mungu akuponye, na usijibu mpaka upate nguvu. Kama ni mimi nimekosea, kwa kukuandikia mambo ya utani kama vile wewe ni rika langu, nakuomba radhi. Mama ameniambia siku zote kwamba mtu mwenye aibu akizoea anazoea kupita kiasi.

Aneth.


Mgori,
10 Oktoba 2025

Binti yangu,

Siumwi, na hujakosea kitu. B ni Benson.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi tano, hii ndiyo sikuichana.

Ni mimi niliyejenga tuta lile, mwaka 1994. Nilikuwa msimamizi wa mkandarasi mmoja ambaye kampuni yake ilikufa zamani. Mgeni alikuwa anakuja kuifungua barabara, na nilitaka aone kazi safi, nyeusi, iliyonyooka kama rula. Nikaondoa ngozi. Mzee mmoja wa kwenu alinionya, nikamjibu kwamba mimi nimesomea. Mvua ya tatu ilipolichukua tela, nilisimama ukingoni usiku kucha, na alfajiri nikaondoka kwa miguu mpaka barabara kuu. Kwa miezi minne nilikuwa nakula nyumbani kwa mama mmoja hapo. Hata yeye sikumuaga.

Sikujua kwamba nimekuwa neno. Miaka thelathini na moja watu wamekuwa wakinitaja wakipika ugali. Nilipoisoma barua yako nilikasirika siku mbili, halafu nikaona aibu, na aibu haijaisha. Nikasema nisiandike tena. Lakini mawingu hayatangoja aibu yangu.

Habari ya maji ni hii. Mbuga hutembeza maji yake kutoka kusini. Ukiyazuia yatapanda. Mahali pawili palipo chini zaidi, hatua kama ya themanini na ya mia mbili na kumi, msiweke mifuko chini. Pangeni mawe makubwa ya mlimani, kama kichwa cha mtu, upana wa hatua nne, bila udongo kati yake, kimo cha goti. Maji yatapita katikati ya mawe. Juu ya mawe ndipo mlaze mifuko. Mitaro ya pembeni isikaribie njia, iwe mbali hatua tano, na isiwe ya kina. Kama hatua ya themanini mmeshailaza mifuko, itoeni.

Waambie watu jina langu. Wakiamua kutoa mifuko yote wakapande alizeti, nitaelewa.

Benson Elisha Njiku.


Kinyangiri,
14 Oktoba 2025

Shikamoo Foremani.

Ni Chediel. Yule mbeba pima maji wako. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mrembamba, uliniita Kigingi.

Aneth amekuja kwangu na barua yako analia. Nimemwambia anyamaze, mimi nilijua tangu mwanzo. Hawa watu wa hapa walikujua kwa Benson tu, jina la Njiku wengi hawakulisikia. Mimi nililisoma kwenye daftari lako. Sikumwambia mtoto kwa sababu angeliandika kwa woga, na wewe usingejibu.

Utauliza kwa nini nisitafute fundi mwingine. Foremani, mafundi wamepita hapa wengi, wakatazama mbuga, wakaandika, wakaondoka. Wewe ndiye pekee ninayemjua aliyekosea hapa hapa. Asiyewahi kuzama hapa angetufundisha kutoka kitabuni.

Usiku ule uliposimama ukingoni nilikuwepo, nyuma yako, na karabai. Ulidhani uko peke yako. Nilitaka kukuambia kitu, nikakosa la kumwambia mkubwa wangu. Basi nakuambia sasa. Miezi minne ile ulinifundisha kusoma pima maji, ukanifundisha kufungua redio yako na kuifunga tena bila kubaki na skrubu mkononi. Tangu nianguke familia yangu imekula kwa redio. Asante, Foremani. Nimechelewa.

Yule mama uliyekuwa unakula kwake ni mama yangu. Bado ana nguvu. Njoo.

Chediel.


Kitongoji cha Ng'ambo,
3 Novemba 2025

Shikamoo Mzee.

Natumaini umefika salama na mgongo uliokuuma hapa umepona. Ulikaa kwetu siku nne, na kila mtu alikusemesha, na wewe ukasema "ndiyo, ndiyo". Baba amesema si haki uondoke na ndiyo nyingi hivyo bila kujua ulikubali nini. Kwa hiyo nakuandikia yote uliyoambiwa.

Siku ya kwanza, uliposimama mbele ya watu ukasema, "Mimi ndiye Benson," vijana walicheka kwa sababu walidhani ni mzaha. Mmoja akauliza, "Sasa kwa nini hana tope?" Mzee Filipo akawanyamazisha, akakuuliza, "Umekuja kutuangusha tena?" Ukajibu, "Ndiyo, ndiyo." Hapo ndipo watu walipoanguka kwa kicheko, na wewe ukatabasamu, nao wakaona huna ubaya. Nadhani kama ungesikia swali na kujitetea, isingekuwa hivyo.

Ulipotembea juu ya mifuko ukipiga fimbo, mama mmoja alisema, "Anaigonga kama daktari anavyogonga kifua." Ulipoamuru mifuko ya hatua ya themanini itolewe mara ya pili kwa sababu mawe yalikuwa madogo, wanaume walikutukana kidogo. Matusi hayo siyaandiki. Uliitikia ndiyo.

Sasa la Bibi. Jioni ya mwisho ulimshika mikono miwili ukamwambia kwamba umekuja kumshukuru kwa chakula cha miezi minne, na kumwomba radhi. Alizungumza kwa muda mrefu, ukaitikia, mkaachana. Nilikuwa pembeni. Alisema hivi:

"Wewe ndiye uliyetoroka bila kunywa uji wangu?"

Ukasema ndiyo.

"Basi nikuambie. Habari ya tuta sikukasirika, udongo ule umewashinda wengi, hata mume wangu alizamisha ng'ombe humo. Nilikasirika kwa sababu asubuhi ile nilipika mapema, nilijua hujalala, nikaweka na karanga. Nikangoja. Uji ukapoa, nikaupasha, ukapoa tena. Mtu akikosea kazi anakuja nyumbani anakula, ndiyo maana kuna nyumbani. Umeelewa?"

Ukasema, "Ndiyo, ndiyo."

Sasa ndiyo umeelewa, Mzee.

Kazi tumemaliza jana. Hatua zote mia mbili na themanini, na changarawe juu. Imekuwa ya rangi nyekundu kama mgongo wa ng'ombe. Mvua bado. Baba ameivuka mara sita kwa siku moja, lakini kwenye ukavu hata zamani alivuka, kwa hiyo hatujui chochote. Nimependekeza kwenye kamati tupige marufuku lile neno. Mzee Filipo amekubali, anangoja niliandike kwenye muhtasari.

Watu wameniambia nikuandikie "asante" kwa niaba ya wote. Nimekataa kuiandika mara moja tu. Asante, asante, asante.

Aneth.


Mgori,
15 Novemba 2025

Binti yangu Aneth,

Barua yako naisoma kila asubuhi kabla ya uji wangu, na sasa uji wenyewe siuachi hata tone.

Usilipige marufuku neno hilo. Kwanza hamtaweza. Pili, ni neno zuri, fupi, na watoto wanalihitaji. Mtu akisema "nimebensoni" amekiri bila kuumia sana. Mimi ningekuwa nalo mwaka ule ningelisema, na nisingetembea alfajiri ile.

Sasa nisikie, maana hili ndilo la muhimu. Sikuahidi kitu. Njia yenu ni nzuri kuliko niliyoijenga mimi, lakini mbuga haijatoa jibu lake, na jibu huja na mvua ya tatu au ya nne, udongo ukishashiba. Mahali patalegea, hilo ni hakika. Msikate tamaa wala msimwage changarawe kwa hasira. Fukueni, ongezeni mifuko, shindilieni, funikeni. Wekeni akiba ya mifuko mia mahali pakavu. Na baba yako asivuke siku ya kwanza ya kulegea hata akikasirika. Mwambie ni amri ya Foremani.

Ulinishukuru mara tatu. Mimi nakushukuru mara moja kwa kupanda juu ya mkokoteni. Mimi mwanaume mzima nilikimbia watu wale wale.

B. E. Njiku.


Kitongoji cha Ng'ambo,
17 Desemba 2025

Shikamoo Mzee.

Nimechelewa kuandika makusudi. Nilitaka kukuletea jibu, si matumaini.

Mvua ya kwanza ilikuwa tarehe 30 Novemba, ya manyunyu. Ya pili ilikuwa kubwa, maji yalikuja kutoka kusini kama ulivyosema, yakapita katikati ya mawe, pawili pote. Tulisimama na miavuli kuyatazama yakitokea upande wa pili. Watu wazima walikuwa wanashangilia maji.

Ya tatu ilinyesha siku mbili. Asubuhi kwenye hatua kama ya mia na themanini palikuwa pamebonyea, upande mmoja, urefu wa mkokoteni. Mzee Filipo alisema neno lile, hakuna aliyecheka. Baba alikuwa ameshatoka na baiskeli, amevaa shati la kwenda senta. Nikasimama mbele ya magurudumu yake nikamwambia, "Leo hapana, baba. Ni amri ya Foremani." Akageuza baiskeli, akarudi nyumbani, akageuza kiti ukutani. Mzee, siku hiyo nilikuchukia kidogo. Nakuambia ukweli kwa sababu umeniambia wako.

Lakini watu walikuja. Sikuwaita, nilikuta wamekuja, na mvua ikiwanyeshea. Tulifukua, tukakuta mifuko minne iliyopasuka mishono. Ni ile ya mwanzo, tuliyoifunga wanawake kabla hatujajua kukaza. Chini yake majani yalikuwa bado yameshikana, yamelala, hayajakatika. Ngozi ilikuwa nzima. Tukaongeza mifuko ishirini na sita, tukashindilia kwa gogo mpaka mikono ikatoka malengelenge, tukafunika.

Tumengoja mvua ya nne, na ya tano. Jana ilinyesha usiku kucha. Leo asubuhi nilitangulia peke yangu, nikaitembea yote nikigonga kwa fimbo kama ulivyofanya. Pembeni kote palikuwa maji, vyura wanapiga kelele. Njia ilikuwa imesimama katikati, nyekundu. Haikubonyea mahali popote. Nikarudi, nikamwambia baba, "Unaweza."

Alivuka. Hakuna aliyemsukuma. Tulitaka kumfuata, akasema, "Rudini, mna kazi." Tukabaki ukingoni tukimwangalia mpaka akawa mdogo, akapinda kwenye ua wa minyaa wa kanisa, akapotea.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Sasa ni saa kumi na mbili kasoro, mvua inanyesha tena, na baba hajarudi. Saa sita mtu alisema amemwona kwenye baraza la duka, saa tisa mwingine akasema yuko kanisani na kwaya, kisha aliyetoka huko karibuni anasema kanisani hayupo. Mama ameniuliza mara tatu, "Baba yako yuko wapi?" Nimemjibu mara tatu kwamba sijui. Hana wasiwasi. Nadhani anapenda kulisikia jibu. Sasa hivi anauliza tena.

Hatujui baba yuko wapi, Mzee. Asante.

Aneth.